Sabina wa Upande wa Katangi

Juzi vijana walikuja kuchimba mtaro wa bomba la maji mbele ya nyumba tunayopanga huku Syokimau. Nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe cha chai, ile harufu ya udongo mbichi ikanipata, na kabla sijajua nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, nimemkumbuka Sabina. Akaniangalia, akarudi kwa simu yake. Yeye amezoea. Lakini ninyi wenzangu wa rika langu, mliomaliza kidato cha nne mkarudi nyumbani kungojea chuo, ketini niwaambie habari za Sabina, kwa sababu najua mtanielewa.

Kwetu ni ndani kidogo ya Muthetheni. Matokeo ya mtihani yalikuwa yametoka, yalikuwa mazuri, na Mama alikuwa ameimba nyimbo zote za kanisani anazozijua na nyingine akazitunga mwenyewe. Kilichobaki ni kuomba chuo. Mnaikumbuka hali hiyo? Si mwanafunzi, si mtu mzima. Unatumwa kuni kama mtoto, halafu ukirudi unaulizwa maswali kama waziri. "Umechagua kozi gani?" Kila mtu aliniuliza, hata yule mzee wa posho mili, tena akiwa amejaa unga mpaka kwenye kope, huku mashine inanguruma na jibu langu halisikiki.

Mimi nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba ukishaingia chuo, hadithi zimekwisha. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia sheria hiyo kwa kuangalia tu. Watu waliosoma chuo niliowajua walikuwa walimu wangu na daktari wa zahanati, na sikuwahi kumwona hata mmoja wao ameshika kitabu cha hadithi. Walishika karatasi za kusahihisha. Walishika vichwa vyao. Nikaona basi, huko chuoni lazima kuna mahali mtu anavua hadithi kama anavyovua viatu mlangoni, na akitoka harudishiwi. Msinicheke. Leo nikikumbuka jinsi hosteli yetu ilivyojaa riwaya zilizochanika majalada, zikipita kutoka kitanda hadi kitanda, natamani nimrudie yule msichana nimpige konzi. Lakini wakati ule niliamini kabisa, na niliogopa kabisa.

Na nilikuwa na riwaya. Rafiki yangu wa shule alikuwa ameniazima, nene, imefunikwa kwa gazeti, kurasa za mwanzo zimeng'oka hivi kwamba mpaka leo sijui inaitwaje wala ni ya nani. Ilikuwa habari za mjane aitwaye Sabina. Shemeji yake alikuwa anakula shamba lake kidogo kidogo, anang'oa mkonge wa mpakani leo, anaupanda hatua mbele, kesho anang'oa mwingine. Jamani, yule shemeji! Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu mwenye damu na nyama. Nilitaka kumaliza kitabu kile kabla jina langu halijaingia chuo chochote, na baada ya hapo wafanye nami watakavyo.

Shida ilikuwa Mama. Yeye alisoma mpaka darasa la nane, akaambiwa angoje kidogo mambo yakae sawa, akangoja mpaka akaolewa. Kwa hiyo habari ya chuo haikuwa ya mchezo kwake. "Mimi nilingojea, Mbithe," aliniambia. "Wewe hutangoja. Utakifuata hicho chuo mpaka chenyewe kichoke." Baba alikuwa kazini kiwandani Mavoko, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na alipokuja alikubaliana na Mama kwa kila kitu ili alale vizuri.

Nikawa nasoma kwa kuiba. Nilisoma ghalani, nimekalia gunia la mbaazi, mavumbi yananipigisha chafya. Nilisoma chooni mpaka Mama akanichemshia dawa chungu ya tumbo, nikainywa yote bila kubisha, kwa maana ningesema nini? Mwisho nikakamatwa kwa sababu ya isyo. Mnaijua isyo yetu, mahindi na maharagwe, inataka maji yaongezwe kila mara. Nilikuwa nimeinama karibu na moto, Sabina anagombana na shemeji kisimani, na mimi niko upande wake kabisa, nasikia harufu ya kuungua nikadhani ni ya huko kisimani. Mama aliingia akifunga pua kwa leso.

"Sasa tutakula nini? Tutakula hiyo karatasi?"

"Pole, Mama."

"Kuanzia leo sitaki kuona hiyo hadithi. Ukishaandikwa chuo, soma mpaka macho yatoke. Saa hii ni kozi."

Ukishaandikwa chuo! Mnaona basi nilivyobanwa. Ruhusa yangu ilikuwa inakuja siku ileile ambayo, kwa sheria yangu, haingekuwa na faida tena.

Aliyeniokoa ni mwethya. Kwetu akina mama wana kikundi cha kusaidiana kazi: leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule, na kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake. Msimu ule walikuwa wanachimba fanya juu, ile mitaro ya kuzuia mvua isiondoke na udongo; unachimba ukikata mteremko, na udongo wote unautupa juu. Siku ya mwethya ilikuwa imegongana na siku ya soko, na Mama ana kibanda chake cha ndizi na nyanya pale Muthetheni, basi wenzake walikuwa wameanza kumnung'unikia. Nikajitolea niende mimi. Mama alifurahi akanisifu mbele ya majirani. Nami nikafunga kitabu kiunoni kwa leso, nikachukua jembe, nikaenda zangu.

Nilichimba, msidhani sikuchimba. Lakini wakati wa mapumziko, wengine wakinywa uji, nilijitenga nikafungua kitabu. Nilikuwa nimefika pale Sabina anarudi kutoka msibani anakuta mchungwa aliopanda marehemu mumewe uko upande wa shemeji. Machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa.

"Wewe msichana, nani amekufa?"

Alikuwa Mama Kyalo, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa, ambaye hata mbuzi wa watu walimtii.

"Hakuna. Ni Sabina."

"Sabina gani?"

"Wa hii hadithi. Shemeji yake amechukua mchungwa."

Nilidhani atanigombeza. Akatelemsha kikombe cha uji polepole. "Amechukuaje mti? Mti si uko na mizizi?"

Nikamweleza habari ya mikonge. Wenzake wakasogea. Mama Kyalo akasema hebu soma tusikie, na nikasoma, pale Kiswahili kilipokuwa kigumu nikigeuza kwa Kikamba. Uji ulipoa vikombeni. Wakati wa kurudi kazini ulifika ukapita, hakuna aliyeinuka, mpaka Mama Kyalo mwenyewe akashtuka.

"Aiyaa! Leo tutalala hapa? Inukeni!" Kisha akaninyang'anya jembe. "Wewe kaa hapo juu. Kipande chako tutachimba sisi. Soma na utoe sauti, usisome kama mtu anatubu."

Hivyo ndivyo nilivyopata wakati wa kusoma. Kila siku ya mwethya nilikaa juu ya mtaro miguu ikining'inia, wao wako chini wanachimba, na udongo unaruka unatua kwenye kurasa napangusa naendelea. Kile kitabu kilinuka ardhi. Na kazi ilienda mbio, kwa sababu kila shemeji alipofanya lake, majembe yalishuka kwa hasira. "Mjinga huyo!" mmoja alipiga kelele kutoka shimoni. "Si aende kwa chifu?" Mwingine akamjibu, "Chifu mwenyewe amelishwa mbuzi, wewe husikii?" Nilikuwa na furaha ambayo sijui niwaambieje. Siku zote nilikuwa nimesoma kama mwizi, na sasa nilikuwa nasomea watu wazima, wananingojea nigeuze ukurasa.

Sasa, kulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Susu Monika. Susu kwetu ni nyanya. Yeye hakuwepo siku ya kwanza. Alikuja siku ya mwethya iliyofuata, tena amechelewa, akawakuta wenzake wamepumzika wanamjadili Sabina kwa uchungu: maskini, watoto wadogo, shemeji hana aibu. Mimi nilikuwa nimeenda kuteka maji. Nilipoanza kusoma yeye alikuwa ameshalala kwenye nyasi. Basi akaamka na habari moja tu kichwani, kwamba kuna mjane anaonewa.

Jumapili jumuiya yetu ya kanisa ilikutana nyumbani kwetu. Padri hakuwepo, ni sisi majirani tu, viti vya kuazima na chai. Ulipofika wakati wa maombi, Susu Monika akainuka, akafumba macho.

"Tumwombee dada yetu Sabina, mjane. Shemeji yake anahamisha mpaka. Ee Bwana, mguse huyo mtu mkono asiweze kushika jembe."

Nikamtazama Mama Kyalo nikitarajia acheke au aeleze. Mama Kyalo akafumba macho na kuitikia kwa sauti iliyotikisa vikombe: "Ee Bwana, utusikie!" Na kikundi chote cha mwethya kikaitikia. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Kwani hana shida? Si yuko na shida?"

Mama hakuwa na habari yoyote. Moyo wake mimi naujua; ukimtajia mjane umemtajia mama yake mzazi, aliyewalea peke yake. Baada ya maombi akamfuata Mama Kyalo mlangoni.

"Huyo Sabina anakaa wapi?"

"Ni mbali kidogo," alisema Mama Kyalo akitazama juu ya bati. "Upande wa Katangi."

"Mtu hawezi kuombewa tu bila hata sukari. Nitaenda kumwona."

"Aa, Mama Mbithe, usijisumbue."

"Hakuna kusumbuka hapo. Jumamosi nitaenda."

Wiki ile sikula vizuri. Mama alinunua sukari. Akapima unga. Akachagua kuku, tena si yule kilema, alichagua tetea wetu mzuri mwekundu, akamfunga mguu. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nikisema, kitabu kinaenda, na mwethya unaenda, na Sabina naachana naye akiwa barazani kwa chifu, mashahidi wake hawajafika, sitajua kama alirudishiwa shamba maisha yangu yote. Nisiposema, Mama anaenda Katangi kutembea nyumba hadi nyumba na kuku kwapani.

Jumamosi asubuhi alitoka chumbani amevaa rinda la kanisa, kikapu mkononi, kuku kwapani. Alikuwa amepaka mafuta, anang'aa. Nikajikaza.

"Mama, usiende. Sabina hayuko."

Akaweka kikapu chini. "Yesu! Amekufa?"

"Hapana."

"Wamemfukuza?"

"Yuko kwa kitabu, Mama. Ni ile hadithi. Nilikuwa nawasomea kwa mwethya."

Mama alikaa kwenye kiti na rinda lake la kanisa. Kuku akamtoka, akakimbilia nje na kamba yake mguuni, na hakuna aliyemfuata. Nilitamani anipigie kelele. Aliuliza tu, "Na jembe langu alikuwa akilishika nani?"

"Mama Kyalo."

"Na mbona haungengoja? Si nilikuambia ukiandikwa chuo utasoma?"

Hapo ndipo nikalia, nikatoa yote. "Huko haziruhusiwi! Ukishaandikwa, hadithi hakuna tena. Nilitaka nimalize hii moja tu."

"Haziruhusiwi? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kumbukeni, hata yeye hakuwa amefika chuo. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kitabu, akakifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni, ufunguo akautia kifuani. Mama Kyalo alikuja kuniombea msamaha, tena alikuja na kibuyu cha maziwa, lakini Mama alimkaribisha, akamnywesha chai, akamsikiliza vizuri sana, na kabati likabaki limefungwa. Siku ya mwethya iliyofuata nilichimba kipande changu mwenyewe, na akina mama walichimba kimya kama wafungwa.

Mambo ya kozi yalituchelewesha. Mama alitaka uuguzi, mimi nilitaka kitu nisichokijua, tukaja kukubaliana ualimu siku ambayo ilikuwa karibu tukose vyote. Pale Muthetheni mtandao ukawa umelala. Basi siku ya mwisho ya kuomba tuliamka mapema tukaenda Machakos mjini, kwenye saiba moja ya kompyuta karibu na soko, na tukakuta dunia nzima imechelewa kama sisi. Wazazi na watoto wao wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje. Mtandao ulikuwa unakuja na kutoka, na yule kijana wa saiba anapiga kelele: "Ikishaingia mnaingia haraka! Ikitoka mimi sitaulizwa!" Kila mtu alikuwa roho juu.

Tulisogea benchi kwa benchi mpaka wenye kutangulia wakabaki wachache. Mama akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso. Alikuwa Sabina.

"Mama!"

"Nyamaza. Nimekuwa nikisoma kwa kibanda." Akainamisha uso, na nikaona ana haya kama msichana. "Juzi nimemuuzia mtu nyanya, nikampa na kisu changu. Lakini hizi herufi ni ndogo, macho yananikataa. Nimefika pale kwa chifu. Mashahidi hawajafika."

"Mimi pia niliachia hapo!"

"Basi soma."

Nikaanza kwa sauti ya chini. Mama aliinama sikio likakaribia mdomo wangu. Chifu anatazama jua. Shemeji amevaa koti jipya, anacheka na watu. Sabina amesimama peke yake, na kule barabarani linaonekana vumbi, lakini haijulikani ni la nani. Nikasahau kozi. Nikasahau nilipo, nadhani na sauti ikapanda, kwa sababu nilipogeuza ukurasa niliona benchi la mbele limegeuza shingo.

"Nyinyi wa ualimu!" kijana wa saiba akaita. "Mtandao umeingia! Kuja haraka!"

Nikaruka, kitabu karibu kinidondoke. Mama akanishika mkono akanirudisha chini.

"Bado," alimwambia kijana.

"Bado nini, mama? Ni siku ya mwisho!"

"Najua. Mtoto wangu akishaandikwa, hawamruhusu hadithi tena huko. Hata kidogo. Wacha amalize hii kwanza." Alisema kwa utulivu, kama mtu anaeleza ugonjwa. "Chukua huyu baba wa nyuma yetu."

Yule kijana alinitazama kinywa wazi. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa namtazama Mama, aliyengojea shule mpaka akaolewa, sasa anakiambia chuo kingoje, na furaha ilinijaa mpaka mistari ikaanza kucheza machoni.

"Haya, mzee, njoo wewe," kijana akasema.

Tukageuka. Baba yule alikuwa na mwanawe pembeni na bahasha ya vyeti magotini, na kofia yake ameivua. Wala hakuinuka.

"Hebu subiri, kijana," alisema. "Hata mimi nangojea hao mashahidi."